Uzi: "Kenya ni kijani asilimia 90." Haya maneno yalitoka wapi, na bili ilienda kwa nani?

Wadau, uzi ni mrefu. Tafuteni chai.

Kila mdahalo wa runinga ukifika kwenye kawi, utasikia sentensi mbili. Ya kwanza: "Kenya ni kijani, karibu asilimia 90 ya stima yetu ni jadidifu, dunia inatuonea wivu." Ya pili: "Hiyo kijani ni ya wazungu. Sisi tunataka viwanda, tuchimbe makaa ya mawe na mafuta kama walivyofanya wao." Sitaji mtu wala chama, na sina haja. Rudi nyuma miaka kumi uone jinsi watu walewale wanavyobadilishana sentensi hizo wakihama kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwetu ni Muthara, Tigania Mashariki. Nataka tupitie historia, kwa sababu sentensi zote mbili zina ukweli ndani yake na zote mbili zinaficha kitu.

Kwanza maneno. Kawi jadidifu ni ile ambayo chanzo chake kinajirudisha: maji, upepo, jua, mvuke wa ardhini, hata kuni kama miti inapandwa kwa kasi inayokatwa. Isiyo jadidifu ni ile ukishaichoma imeenda: dizeli, makaa ya mawe, mafuta taa, gesi. Hapo hakuna ubishi. Shida inaanza pale mtu anaposikia "jadidifu" akaelewa "haina madhara kwa mtu yeyote". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na midahalo yetu inaishi kwenye hilo pengo.

Sasa twende nyuma. Stima ya biashara ilifika Mombasa na Nairobi mwaka wa 1908. Mwaka wa 1922 makampuni ya miji hiyo miwili yakaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Mwaka wa 1925 kituo cha Ndula kwenye mto Thika kikaanza kuzalisha stima kwa maji. Yaani "kijani" tulikuwa nayo tangu ukoloni, ila ilikuwa inawasha taa za nani? Mji, wenye viwanda, walowezi. Mwafrika wa Embu au Meru alikuwa anaiona ikipita.

Mwaka wa 1954 Uganda ikafungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, kwenye Nile, na Kenya ikaunda kampuni maalum ya kuleta stima hiyo Nairobi kwa waya. Kwa hivyo tulipopata uhuru, sehemu kubwa ya taa za mji mkuu ilitegemea nchi jirani. Hebu fikiria wewe ndiye serikali mpya, halafu swichi yako iko kwa mwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo mradi wa Seven Forks ulipopata nguvu zake za kisiasa. Kampuni ya kuendeleza mto Tana iliundwa 1964. Hakuna mtu wa 1964 aliyekuwa anazungumzia hewa ya ukaa. Walikuwa wanazungumzia kujitegemea, na mto tulikuwa nao, mafuta hatukuwa nayo.

Hili naomba mlishike. Ukijani wetu haukuanza kama msimamo wa mazingira. Ulianza kama hesabu ya nchi isiyo na mafuta.

Seven Forks basi. Jina linasema saba lakini mabwawa yaliyojengwa ni matano. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Yamejipanga kama ngazi kwenye Tana, Embu upande mmoja, Machakos na Kitui upande mwingine. Masinga ndilo tangi la familia yote. Lenyewe linazalisha megawati 40 tu, lakini linahifadhi maji ya kuwapa wengine wanne walio chini yake. Gitaru, yenye megawati 225, ndiyo kubwa zaidi kwa stima. (Maji ya kwetu Nyambene yanayoelekea Tana huingia mtoni chini ya ngazi hiyo, kwa hivyo tukisema "maji yetu yanawasha Nairobi" ni Embu, Kirinyaga, Murang'a na Nyeri wanaoweza kusema, si sisi wa Tigania.)

Sasa nani alilipa? Ukiweka bwawa unafunika bonde, na bonde ndipo palipo na udongo mzuri, malisho, makaburi na vivuko. Pale Kiambere maelfu ya watu walihamishwa, na malalamiko kuhusu fidia yalibaki hata baada ya mitambo kuanza kuzunguka. Ukienda Mbeere leo utapata wazee wanaokuonyesha kwa kidole mahali pa shamba, na unachoona ni maji. Kwa miaka mingi watu hao wameishi chini ya nyaya kubwa zinazovuma usiku kucha huku wakiwasha koroboi ndani. Mpango wa kupeleka stima mashambani ulianza 1973, lakini mlalo wa nyaya ulifuata soko na siasa, haukufuata nani alitoa ardhi.

Halafu kuna walio chini zaidi, ambao hawaonekani kabisa kwenye mdahalo. Kabla ya mabwawa, Tana ilifurika kwa msimu. Wapokomo walilima kwenye tope lililobaki mafuriko yakipungua, wafugaji wa Orma na Wasomali walishuka delta kutafuta majani wakati wa kiangazi, na misitu ya kando ya mto, wanakoishi kima wa Tana wasiopatikana kwingine duniani, ilitegemea maji hayohayo. Bwawa likishika mafuriko madogo, shamba la tope linakauka. Lakini mvua ikiwa kubwa kupita kiasi bwawa haliwezi kuzuia, linamwaga. Aprili na Mei 2024 tuliona: Masinga ikajaa, ikamwaga, na Garissa na Tana River watu wakaishi juu ya paa. Yaani yale mafuriko madogo yenye faida yamepungua, yale makubwa yanayoua bado yanakuja.

Na udongo. Kila mvua inayoshuka kwenye mashamba yasiyo na matuta inabeba udongo hadi Masinga, na tangi linazidi kuwa dogo. Maji ni jadidifu, sawa. Nafasi ya kuyawekea si jadidifu.

Tuje 1999. Wengi wenu mlio na umri wangu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni. Wakati huo zaidi ya asilimia 70 ya stima yetu ilikuwa ya maji. Mvua ikakosa. 1999 kuingia 2000 nchi ikawekwa kwenye mgao, viwanda vikakaa giza saa nyingi kwa siku, uchumi ukadorora. Serikali ikakodi jenereta za dizeli za dharura. Mwaka wa 2009 ukame ukarudi, mgao ukarudi, dizeli ikarudi.

Kwa hivyo anayesema "jadidifu ni ya uhakika" amesahau 2000. Na anayesema "basi dizeli ndiyo suluhisho" amesahau bili ya baadaye, kwa sababu dizeli inanunuliwa kwa dola na gharama yake inapita moja kwa moja hadi kwa mteja kama tozo ya mafuta. Angalia tokeni zako, hiyo tozo iko pale. Ni kumbukumbu ya kila ukame tuliopitia.

Kilichotuokoa ni mvuke. Visima vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950 vikaachwa. Kazi ikarudiwa miaka ya 1970, na baada ya bei ya mafuta duniani kupanda 1973 kila mtu alielewa kwa nini. Mtambo wa kwanza, megawati 15, uliwashwa 1981. Olkaria haikujua kiangazi ni nini. 2014 zikaongezwa megawati 280 kwa mkupuo, na leo mvuke unatoa karibu asilimia 40 ya stima yetu. Nikiwa mkweli, ukiniambia nichague chanzo kimoja katika historia yetu ambacho kimefanya kilichoahidiwa, nitachagua Olkaria.

Lakini hata Olkaria ina watu wake. Eneo hilo ni la Wamaasai, na liko ndani na kando ya mbuga ya Hell's Gate iliyotangazwa 1984. Olkaria ya nne ilipojengwa, familia zilihamishwa hadi makazi mapya yaliyoitwa RAPland. Walijengewa nyumba za mawe, na pia walilalamika kuhusu ardhi, barabara na hati, hadi malalamiko yakafika kwa wakopeshaji wenyewe, Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukafanywa. Sheria ya Kawi ya 2019 ilijifunza kitu hapo: mrabaha wa mvuke unagawanywa asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Kaunti zinazozunguka mabwawa ya Tana zimekuwa zikiuliza kwa miaka, na sisi je?

Upepo sasa, na hii inatugusa Meru kuliko mnavyodhani.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani kaunti ya Marsabit, una minara 365 na megawati 310. Mkubwa kabisa kwetu. Minara ilikuwa tayari 2017, lakini waya wa zaidi ya kilomita 400 kuelekea Suswa haukuwa tayari hadi Septemba 2018. Upepo ukavuma bure, na mkataba ukasema mwenye mradi alipwe hata kama stima haijafika. Mabilioni ya pesa za umma yakalipwa kwa stima ambayo hakuna mtu aliitumia. Hilo si kosa la upepo. Ni kosa la mkataba na ratiba, na lingetokea hata kama mtambo ungekuwa wa makaa ya mawe.

Tatizo la pili ni ardhi. Ekari 150,000 zilitolewa. Wakazi walienda mahakamani 2014 wakisema hawakuhusishwa ipasavyo. Kesi ikaamuliwa Oktoba 2021, na mahakama iliyoamua ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru, hapa mjini kwetu. Uamuzi: hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Minara tayari imesimama, stima tayari inatumika Nairobi, na karatasi ya msingi ina kasoro. Huo ndio ugumu wa kutatua mambo ya ardhi baada ya kujenga. Wakazi wa Kinangop wao hawakungoja. Walikataa mradi wa megawati 60 kabla haujasimama, kukawa na maandamano na mtu akafa, na 2016 wawekezaji wakaondoka.

Na stima ya Ethiopia? Mwisho wa 2022 tulianza kununua megawati 200 kutoka kwao, stima ya maji, kijani kwenye takwimu zetu. Sawa. Ila bwawa la Gibe III, lililozinduliwa 2016, liko kwenye mto Omo, na Omo ndio unaoleta karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana. Mbuga za ziwa hilo ziliwekwa na UNESCO 2018 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mvuvi wa Turkana naye ni Mkenya.

Najua kufikia hapa kuna mtu ananiandikia: "Kwa hivyo unapinga kijani, unataka makaa ya mawe." Ngoja.

Lamu. Mpango ulikuwa mtambo wa makaa ya mawe wa takriban megawati 1,000 pale Kwasasi, karibu na Mji Mkongwe wa Lamu ulioandikwa urithi wa dunia 2001. Hoja ya waliounga mkono haikuwa ya kijinga, na naichukulia kwa uzito: viwanda vinataka stima isiyokatika, pwani inataka kazi, na Ulaya yenyewe ilitajirika kwa makaa ya mawe. Tena Kitui kuna makaa ya mawe bonde la Mui, kwa nini yakae ardhini?

Jibu liko kwenye maelezo madogo ambayo midahalo haiyagusi. Mtambo ungeanza kwa makaa ya mawe ya kuagiza nje, kwa hivyo ile hoja ya "rasilimali yetu" ilikuwa ya baadaye. Maji ya moto ya kupoza mitambo yangerudi baharini mahali wavuvi wanapotegemea. Majivu yangerundikwa kando ya pwani yenye mawimbi. Mkataba wa kununua stima ulikuwa wa miaka 25, wakati nchi tayari ilikuwa na mvuke unaoendelea kuongezeka. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni, na sababu kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari haikutosha. Soma tena sababu hiyo. Ni karibu ileile ya Loiyangalani. Tofauti ni kwamba Lamu waliamka kabla ya saruji kumwagwa.

Kwa hivyo msimamo wangu, kwa sababu nitaulizwa: kati ya Olkaria na Lamu nachagua Olkaria bila kufikiri mara mbili. Moshi wa makaa ya mawe haurudi ardhini, na bwawa la majivu halihamishiki. Lakini sikubali kuambiwa kwamba nikichagua Olkaria basi Mmaasai anyamaze.

Tumekuwa tukiongea stima tu. Hapa ndipo ile asilimia 90 inapoanza kunikera.

Stima ni sehemu ndogo ya kawi tunayotumia. Takwimu za serikali yenyewe kwa miaka mingi zimesema karibu theluthi mbili ya kawi ya nchi hii inatoka kwa kuni, makaa na mabaki ya mimea. Sensa ya 2019: asilimia 55 ya nyumba zinapika kwa kuni, karibu 12 kwa makaa, karibu 24 kwa gesi. Stima ya kupikia hata usiitafute.

Njoo kwetu Muthara. Mradi wa Last Mile ulileta taa, na siudharau, nimesomea chini ya hiyo taa. Lakini jikoni kwa nyanya yangu bado ni mafiga matatu, ukuta mweusi, na kikohozi kinachoanza asubuhi. Ndani ya boma moja kuna balbu ya Olkaria na moshi wa mgrevilea. Kwenye takwimu za mdahalo boma hilo ni "kijani". Kwenye mapafu ya nyanya si kijani. Viwanda vyetu vya chai navyo vinakausha majani kwa kuni, na ndiyo maana vilima vingi vimejaa mikaratusi inayokunywa chemchemi za watu. Kuna kilichofanywa tofauti pia: kiwanda cha Imenti kilijijengea kituo kidogo cha maji na kikaweza kuuza stima ya ziada kwenye gridi. Kule Tungu-Kabiri, kwenye miteremko ya mlima upande wa Tharaka-Nithi, familia zipatazo 200 zilichanga jasho na pesa karibu mwaka wa 2000 zikajenga mtambo wa kilowati 18. Kilowati 18 ni kidogo mno, lakini hakuna aliyehamishwa.

Sasa tazama mwaka mmoja tu, 2018, halafu uniambie kama sera yetu ina kichwa. Februari serikali ikapiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, na bei ya gunia la makaa ikapanda vibaya. Septemba ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ati kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Maskini akazuiwa makaa, akazuiwa mafuta taa. Vizuri, aende gesi? Gesi ya kupikia ilikuwa imeondolewa kodi 2016. Ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021. Ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata. Ikaondolewa tena 2023. Mama anayefikiria kununua mtungi wa kilo sita hawezi kupanga maisha kwa kodi inayobadilika kama hali ya hewa. Akaona bora arudi kwa kuni, na kuni za wapi? Za mlimani kulekule tulikosema tunalinda, ambako mito inayojaza Masinga inaanzia.

Mnaona jinsi mduara unavyofunga? Tozo ya mafuta taa iliyopitishwa bungeni inaishia kuwa udongo ndani ya bwawa la stima.

La mwisho, kwa watu wa nyumbani hasa. KenGen imekuwa na mpango wa shamba la upepo Meru kwa miaka, na kaunti nayo ilitangaza mradi wake wa upepo, jua na betri. Ikija, mimi nitafurahi. Lakini Tigania na Igembe tuna maeneo ambayo ugawaji wa ardhi ulianzishwa zaidi ya miaka 40 iliyopita na watu bado wanashika namba za shamba badala ya hatimiliki. Mwekezaji wa minara anahitaji ardhi kubwa na sahihi ya haraka. Mzee aliye na namba tu atasaini kama nani? Na kesi ikifika mahakamani, itasikilizwa palepale Meru mjini, na faili ya Loiyangalani iko kwenye kabati hilohilo.

Kwa hivyo mgombea wa kiti chochote akija soko la Muthara akasema neno "kijani", mimi nitamuuliza maswali matatu kabla hajashuka kwenye gari: ugawaji wa ardhi utaisha lini, ile asilimia 5 ya jamii itaandikwa kwa upepo pia au ni kwa mvuke tu, na kodi ya gesi itakaa ilipo kwa miaka mingapi. Ukipata majibu kabla yangu, niwekee hapa chini. Uzi unaofuata ni wa tozo ya mafuta kwenye tokeni, leteni risiti zenu.